Ihahamuka: Historia ya Msongo wa Mawazo nchini Rwanda baada ya 1994

Mitihani inapokaribia, sisi wanafunzi husema "nina stresi" kana kwamba neno hilo halina historia. Lakini linayo, na kwetu Rwanda ni historia nzito. Katika insha hii ninajadili jinsi msongo wa mawazo ulivyopata jina katika sayansi, kisha jinsi Wanyarwanda walivyoupa jina lao baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Hoja yangu ni kwamba maumivu ya moyo yakipata jina katika lugha ya watu, huacha kuwa aibu ya mtu mmoja na kuwa jambo la jamii nzima.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Msongo unatokana na kitenzi "songa", yaani kubana au kukandamiza, kama mtu anavyosonga ugali. Neno la Kiingereza nalo lina asili ya Kilatini yenye maana ya kukaza. Lugha zote mbili zinaueleza msongo kwa mwili unaobanwa.

Sayansi pia ilianzia mwilini. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia hatari inapotokea. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya panya. Panya walioteswa kwa baridi, majeraha au sumu walionyesha dalili zilezile: vidonda vya tumbo na kuvimba kwa tezi zilizo juu ya figo. Selye alieleza hatua tatu: mwili hushtuka, kisha hukinza, na mwishowe huchoka kabisa. Maana yake ni kwamba msongo wa muda mfupi humsaidia mtu, ila usiokoma humla kutoka ndani.

Sasa tuje Rwanda. Katika siku 100, kuanzia Aprili hadi Julai 1994, watu zaidi ya milioni moja waliuawa kwa hesabu ya serikali yetu. Mwaka uliofuata, uchunguzi uliofanywa kwa msaada wa UNICEF uliwahoji watoto 3,030, na asilimia 90 kati yao walisema waliamini kwamba wangekufa. Nani angewatibu? Hospitali ya Ndera, karibu na Kigali, ndiyo ilikuwa ya pekee nchini kwa magonjwa ya akili, na Watutsi waliokimbilia humo waliuawa mara baada ya wageni kuondolewa. Madaktari wa akili walikuwa wachache mno. Mmoja wao, Naasson Munyandamutsa, alirudi kutoka Uswisi ili kuwahudumia watu wake.

Hapo ndipo neno "ihahamuka" lilipoanza kutumika sana. Linahusishwa na mapafu, ambayo kwa Kinyarwanda ni "ibihaha": mtu ameishiwa pumzi kwa hofu. Kila mwaka, maombolezo yanapoanza tarehe 7 Aprili, wako wanaopiga kelele, wanaokimbia au kujificha, wakiamini wauaji wamerudi. Zamani mtu kama huyo angeweza kuitwa "umusazi", yaani kichaa, na kuepukwa. Kwa jina jipya watu walitambua kwamba huyu hana wazimu, bali ana kumbukumbu. Leo katika maombolezo husimama washauri nasaha na watu wa huduma ya kwanza, tayari kumshika mkono.

Je, maisha ya kila siku yaliathirika vipi? Usingizi ulipotea. Mkulima alishindwa kulima shamba lililopakana na mahali ndugu zake walipouawa. Mtoto alikaa darasani lakini akili haikuwepo. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni 2, ziliwataka mashahidi wasimulie yote mbele ya majirani, na kwa baadhi yao jeraha lilifunguka upya. Utafiti ulioongozwa na Munyandamutsa, miaka 14 baada ya mauaji, ulikuta takriban mtu 1 kati ya 4 bado ana dalili za kiwewe.

Kikwazo kingine ni ukimya. Wahenga wetu walisema "amarira y'umugabo atemba ajya mu nda", yaani machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni. Methali hii husifu uvumilivu, lakini nikiisoma pamoja na vidonda vya tumbo vya Selye, naiona pia kama onyo. Wajane walichagua njia nyingine. Januari 1995 waliunda chama cha AVEGA Agahozo, na "agahozo" ni kile kinachomtuliza anayelia. Walikutana, wakalia pamoja, wakasaidiana kupata matibabu na riziki.

Kwa kuhitimisha, nasema hivi: kizazi changu, kilichozaliwa baada ya 1994, hakikuona mauaji, lakini kimelelewa na walioyaona. Mzazi anayeshtuka mlango ukigongwa usiku humfundisha mtoto kushtuka bila kusema neno. Kwa hiyo mwenzetu bwenini akisema habanduki kitandani, au kifua kinambana, tusimwambie ajikaze. Tumuulize kinachombana, tumsikilize, kisha tumpeleke kwa mshauri.