Bastola ya Kificho Mbele ya Polisi Katika Marekani, 1813–2024

Katika Marekani, mtu aliyeruhusiwa na sheria kuchukua bastola chini ya nguo zake hukutana na askari polisi katika hali ya mashaka. Silaha yake haionekani, na haki yake ya kuwa nayo haionekani vile vile; mambo hayo mawili aghalabu hujulikana kwa maneno yake tu. Jinsi ulimi ulivyotwikwa mzigo huo ni habari ya zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1813 majimbo ya Kentucky na Louisiana yalipitisha sheria za kukataza silaha za kificho. Mahakama ya Kentucky iliitangua sheria ya huko mwaka 1822, lakini katiba mpya ya jimbo hilo ya mwaka 1850 ililipa bunge uwezo wa kukataza. Mwaka huo huo mahakama kuu ya Louisiana, katika kesi ya Chandler, ilitamka ya kuwa haki ya raia ni kuchukua silaha yake wazi. Fikira iliyotawala ni kwamba mwungwana hana la kuficha, naye afichaye ana hila. Palipokuwa na sheria kama hizo, kificho chenyewe kilikuwa ndilo kosa.

Kisha yakaja mambo ya vibali. Sheria ya Sullivan ya mwaka 1911 katika New York ilimtaka mtu apate leseni kwa ajili ya silaha ndogo iwezayo kufichwa. Mahali pengi leseni ilitegemea hiari ya wakuu, na hiari hiyo haikuwa sawa kwa watu wote. Mwaka 1956, baada ya nyumba yake ya Montgomery katika Alabama kutupiwa bomu, Martin Luther King aliomba kibali cha kuchukua bastola ya kificho, akanyimwa.

Hata uwazi uliosifiwa zamani haukudumu katika sifa yake. Wafuasi wa chama cha Black Panther walipoanza kuwafuata polisi wa Oakland huku wameshika bunduki wazi, jambo ambalo sheria ya California haikulikataza, na walipoingia nazo katika jumba la bunge mjini Sacramento mwezi wa Mei 1967, Gavana Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya kuzuia kuchukua hadharani bunduki zenye risasi. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Terry, Mahakama ya Juu iliamua kuwa askari aliyemsimamisha mtu anaweza kumpapasa nguo za nje, akiwa na sababu ya maana ya kumdhania kuwa ana silaha na ni wa hatari. Tangu hapo dhana ya askari ilipata nguvu ya sheria.

Florida ilibadili mkondo mwaka 1987 kwa kuagiza kwamba kila atimizaye masharti apewe leseni, na majimbo mengi yakaiga. Lakini kanuni za kusema hazikuwa moja. Michigan humtaka mwenye leseni amwarifu askari mara moja. Minnesota humtaka akiri pale tu aulizwapo. Ohio ilikuwa na desturi ya kwanza hadi mwaka 2022, ikahamia ya pili. Walimu wa masomo ya silaha nao waliweka adabu zao: dereva awashe taa ya ndani usiku, mikono ikae juu ya usukani, asiiguse silaha, na asitie mkono mfukoni kabla ya kuambiwa. Hata mpangilio wa maneno hufundishwa: leseni itajwe kwanza, silaha baadaye, kwa kuwa jina la silaha likitangulia huweza kuleta hofu kabla ya maelezo kufika.

Tarehe 6 Julai 2016, Philando Castile, Mmarekani Mweusi mwenye leseni, alisimamishwa na polisi katika Falcon Heights, Minnesota. Bila ya kuulizwa alimwambia askari kwa upole kuwa ana silaha. Askari alimwamuru asiitoe. Alijibu ya kwamba haitoi. Askari akafyatua risasi 7 na kumwua. Mwaka 2017 baraza la wazee wa mahakama halikumtia askari hatiani. Castile alikuwa ametenda zaidi ya alivyotakiwa na sheria ya jimbo lake. Yaonekana basi kuwa adabu ya msemaji haitoshi pasipo adabu ya msikilizaji, nayo hii ya pili haikuandikwa kwa makini kama ile ya kwanza.

Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ililiondoa sharti la New York la kumtaka mwombaji athibitishe haja ya pekee. Na kufikia mwaka 2024 majimbo 29 kati ya 50 yaliruhusu silaha ya kificho pasipo leseni yoyote. Katika majimbo hayo, mtu asiyeichukua hana tena hati ya kuitaja kabla ya bastola. Limebaki neno lake, na sikio la askari.