Tiba ya Misuli ya Nyonga: Yatakayokukuta Hospitali na Hukumu Zake

Himdi zote anastahiki Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad:

Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara, na mengi huja bila jina, ni ya akina mama wanaotokwa na mkojo wakikohoa, wakicheka au wakinyanyua ndoo. Baadhi yao wameacha tarawehe msikitini. Wengine wanasali huku wakiamini sala zao hazikubaliwi. Daktari akiwaelekeza kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba, haya huwarudisha mlangoni. Tumeona tueleze yanayofanyika huko, kisha tutaje hukumu zake.

Misuli hii ni ipi?

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa mfano wa kitanda cha kamba, tangu mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma. Hiyo ndiyo inayobeba kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho, na ndiyo inayofunga njia za haja. Hulegea kwa mimba na uzazi, kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo, kunyanyua mizigo mizito na umri. Wanaume nao hupatwa, hasa baada ya kupasuliwa tezi dume. Wapo pia ambao misuli yao imekaza kupita kiasi, wakapata maumivu katika tendo la ndoa au shida ya kwenda choo.

Siku ya kwanza

Sehemu kubwa ya siku ya kwanza ni mazungumzo. Utaulizwa umezaa mara ngapi na kwa njia gani, unakwenda haja ndogo mara ngapi mchana na usiku, mkojo unatoka wakati gani, unakunywa maji kiasi gani, na kama kuna maumivu katika ndoa. Jibu kwa ukweli. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na mwili wako nao ni amana. Huenda ukapewa karatasi ya kuandika kwa siku 3 unachokunywa na kila unapokwenda chooni.

Baadaye ataangalia mgongo, tumbo na namna unavyovuta pumzi. Kisha anaweza kupendekeza kipimo cha ndani: hutia kidole kimoja chenye glavu na mafuta maalumu, akakuomba ubane na uachie, ili ajue nguvu ya misuli. Utalala umefunikwa shuka. Hakifanywi bila ridhaa yako, na unaweza kukikataa au kusema "basi" wakati wowote. Binti ambaye hajaolewa aseme hivyo tangu mwanzo, kwani upo upimaji wa nje, kwa kutazama au kwa mashine ya picha iwekwayo juu ya ngozi.

Matibabu yenyewe

Aliyelegea hufundishwa kubana kana kwamba anazuia upepo na mkojo kwa pamoja, bila kubana makalio wala kuzuia pumzi, kisha kuachia kabisa. Mwongozo unaotumika Uingereza ni kubana angalau mara 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Basi usikate tamaa wiki ya pili. Utafundishwa pia kubana kabla ya kukohoa au kunyanyua kitu. Aliyekaza hatakiwi kubana. Yeye hufundishwa kupumua na kulegeza. Ndiyo maana si vyema kuiga mazoezi ya jirani kabla ya kupimwa.

Mambo matatu ya kwetu tuyaangalie. Kwanza, kupunguza maji ili udhu udumu: mkojo mzito hukikera kibofu. Pili, kuzuia mkojo kuanzia magharibi mpaka isha ili usitawadhe tena: Mtume (S.A.W.) amekataza kusali hali mtu anasukumwa na haja. Tatu, kutumia shabu na dawa za kubana: hazitii nguvu misuli, na huweza kuunguza sehemu laini.

Nani akutibu?

Kujitibu kumeamrishwa, na uchi hufunuliwa kwa haja kwa kadiri ya haja tu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, lilipanga hivi kwa mgonjwa mwanamke: kwanza daktari mwanamke Muislamu, akikosekana, mwanamke asiye Muislamu mwenye kuaminika, kisha mwanamume Muislamu, kisha mwanamume asiye Muislamu. Kwa mwanamume, awepo mume, maharimu au mwanamke mwaminifu, wala asitazame zaidi ya panapohitajika. Unapopanga miadi, omba mapema uonwe na mwanamke. Vivyo hivyo mgonjwa mwanamume aombe mwanamume.

Udhu, josho na funga

Kipimo cha ndani hakiwajibishi josho. Ama udhu, kwa madhehebu ya Imamu Shafi hutenguka, kwa kuwa kila kinachotoka katika njia mbili huutengua, hata kidole au kifaa kilichoingizwa. Tawadha tena kabla ya sala.

Ama funga, wanazuoni wa Kishafi wanasema huharibika kwa kuingizwa kitu ndani. Baraza tulilolitaja, katika uamuzi wake wa mwaka 1997, limesema kipimo cha ukeni hakifunguzi. Tunachonasihi ni kuweka miadi usiku au baada ya Ramadhani. Asiyeweza kungoja anayo kauli hiyo ya pili, na akilipa siku moja kwa kujitoa katika khilafu ni bora. Mazoezi ya kubana na kuachia hayana athari kwa funga.

Sala kabla hujapona

Hapa wengi huchanganya. Anayetokwa kwa nadra, na anapata muda wa kutawadha na kusali akiwa mkavu, hana hukumu ya mwenye udhuru: mkojo ukitoka udhu umetenguka, atajisafisha na kutawadha upya. Ama ambaye hapati nafasi hiyo ndani ya wakati wote wa sala, huyu ni kama mwenye istihadha. Wakati ukiingia atastanji, atafunga pedi au kitambaa safi, atatawadha na kusali bila kuchelewa. Kitakachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Kwa udhu huo atasali faradhi moja na sunna atakazo, na faradhi nyengine ataanza upya. Sala yake ni sahihi, wala halipi.

Usichelewe ukiona haya

Nenda hospitali haraka ukiona damu katika mkojo, homa, mkojo kufunga kabisa, au ganzi sehemu za siri. Mkojo unaochuruzika mfululizo baada ya uzazi mgumu huenda ukawa fistula, na hiyo haitibiwi kwa mazoezi bali kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, inajulikana kwa kuitibu bila malipo. Kwa mengine, anza kwa daktari wa karibu nawe, Unguja au Pemba, umuulize yupo wapi mtaalamu wa tiba ya viungo anayetibu matatizo haya.

Kwa waume tunasema: mke aliyepata maradhi haya aliyapata kwa kubeba watoto wenu. Asichekwe wala asinyimwe nauli. Mpeleke, na umkumbushe mazoezi yake kwa upole.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu na atuhifadhie sitara zetu.

Wallahu a'lam.