Rubani Aliyeruka kwa Mguu Mmoja

Ndege za kivita za mwaka 1917 hazikuendeshwa kwa mikono tu. Rubani alishika fimbo kwa mkono na kusukuma usukani wa mkia kwa miguu; mguu ukishindwa kazi, ndege humponyoka. Asiyelijua hilo hataelewa yaliyompata Frank McNamara wa Australia.

McNamara alizaliwa Rushworth, jimbo la Victoria. Alikuwa mwalimu wa shule, na tangu 1913 ofisa wa akiba katika batalioni ya askari wa miguu. Mwaka 1915 alihamia chuo cha urubani cha Point Cook, karibu na Melbourne, na mwaka uliofuata alikuwa Misri na Skwadroni ya Kwanza.

Tarehe 20 Machi 1917 marubani wa skwadroni hiyo walitumwa kushambulia reli ya Waturuki karibu na Gaza. Mabomu yao yalikuwa makombora ya mizinga yaliyogeuzwa matumizi, na moja la McNamara lililipuka kabla ya wakati wake. Vipande vya chuma vilizama kwenye makalio yake, upande wa kulia. Akageuza kurudi kambini, ndipo akamwona mwenzake, Kapteni Rutherford, yuko chini, injini imemgomea, na wapandafarasi wa Kituruki wanamjia.

Akatua. Ndege yake ilikuwa na kiti kimoja, kwa hiyo Rutherford alipanda juu ya bawa na kung'ang'ania nguzo zake. Walipoanza kukimbia ili waruke, ndege ilivutwa upande mmoja, na mguu wa kuinyoosha haukuwa na nguvu. Ikaanguka. Wakaichoma moto isitekwe, kisha McNamara akajikokota hadi kwenye ile ndege mbovu ya Rutherford.

Watu humsifu kwa kule kutua. Mimi namtazama zaidi Rutherford, aliyeinama kwenye injini huku risasi zikilia, wakati marubani wenzao, Drummond na Ellis, wakiwazuia wapandafarasi kutoka angani. Bila kazi ile ya ufundi, ushujaa wote ungeishia mikononi mwa adui. Injini ikawaka. McNamara, aliyekuwa akivuja damu, akaruka kiasi cha kilomita 110 mpaka El Arish, akipigana asizimie.

Akanusurika na Waturuki, lakini sindano ya pepopunda aliyochomwa nusura imuue. Mwezi Juni akatunukiwa nishani ya Victoria Cross, rubani pekee wa Australia kuipata katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Alipanda vyeo, na katika Vita vya Pili vya Dunia akaongoza majeshi ya Uingereza huko Aden. Mwaka 1946 jeshi la anga la kwao likamstaafisha kwa malipo kidogo. Hakusamehe. Alibaki Uingereza hadi kifo chake mwaka 1961, na alishikilia kwamba nishani yake isirudishwe Australia. Sasa iko katika makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza, London.