Magazini ya Bastola

Magazini ya bastola ni kasha jembamba la chuma linalochomekwa ndani ya mpini na kulisha chemba risasi moja baada ya nyingine, kila bastola inapofyatuka na kujikoki yenyewe. Lina ganda, springi, kibao kinachobeba risasi juu ya springi, na kitako kinachofunga chini. Ukingo wa juu wa ganda umekunjwa kwa ndani pande zote mbili. Mikunjo hiyo, itakayoitwa hapa midomo, huizuia risasi isiruke na kuiachia ikiwa imeelekea chemba sawasawa. Bastola inapokwama, mahali pa kwanza pa kutazama ni hapo.

Wilayani Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania, silaha ya wawindaji wa vijijini ni gobore, linaloshindiliwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomo wa mtutu, wala halina magazini. Bastola za kujikoki zina historia nyingine huku, ya vita vya ukombozi wa Msumbiji. Katika miaka ya 1960 FRELIMO, chama kilichoongoza vita hivyo, kilipewa Farm 17, nje ya mji wa Nachingwea, katika mashamba yaliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza uliovunjika 1951. Samora Machel, aliyeshika idara ya ulinzi ya chama hicho baada ya Filipe Magaia kuuawa Oktoba 1966, aliifanya kambi hiyo kuwa shule kuu ya wapiganaji, na walimu wa kijeshi kutoka China walifundisha hapo. Mpiganaji wa kawaida alibeba bunduki. Bastola ilikuwa zaidi ya makamanda. Miongoni mwa zilizotumika katika vita hivyo ni Tokarev TT-33 ya Kisovieti, ambayo China iliinakili kwa jina la Aina ya 54.

Tokarev inastahili kutazamwa kwa makini. Magazini yake huchukua risasi 8 za milimita 7.62, na ganda lake ni la bati kama la bastola nyingine. Lakini mbunifu wake, Fedor Tokarev, hakuitegemea midomo ya bati peke yake. Alichonga miongozo ya risasi katika kipande kinene cha chuma kinachobeba nyundo, ndani ya bastola yenyewe. Magazini ikianguka na midomo yake kupinda kidogo, risasi bado inaelekezwa chemba. Kwa kikosi kilichovuka mto Ruvuma kwa miguu kuingia Cabo Delgado, Msumbiji, mbali na karakana yoyote, huo ulikuwa ubora mkubwa kuliko shabaha.

Makarov, iliyoirithi Tokarev katika jeshi la Kisovieti kuanzia 1951, nayo huchukua risasi 8, za milimita 9. Springi ya nyundo yake ndiyo pia inayoishika magazini kwa chini. Magazini za bastola hizi mbili haziingiliani.

Katika kufanya upya magazini, springi hutangulia. Dalili ya kuchoka kwake ni risasi ya mwisho kuchelewa kupanda, au bastola kujifunga ilhali risasi zimekwisha. Springi huchoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa mara nyingi kuliko kukaa imebanwa. Ngumu kupita kiasi nayo ina madhara: huikandamiza risasi ya juu kwenye midomo, ikawa nzito kutoka. Midomo iliyopinda au kupasuka ni sababu ya kuiacha magazini nzima; kuinyoosha kwa koleo ni kujidanganya. Kitako kirefu cha kuongeza risasi huidai springi kazi ambayo haikuundiwa, na kwa bastola ya ulinzi ni hasara. Huku kusini adui ni kutu ya masika na vumbi la kiangazi, kwa hiyo ndani ya ganda hufutwa hadi pakauke, na mafuta hupakwa kidogo sana, kwa kuwa mafuta mengi hushika vumbi.

Umiliki wa bastola nchini unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na leseni hupitia polisi. Kutengeneza silaha kibiashara nako kunahitaji leseni, hivyo fundi wa baiskeli wa Ruangwa, hata awe hodari namna gani, hapaswi kukabidhiwa kazi hiyo.