Lowell: Viwanda vya Nguo Vilivyogeuzwa Urithi wa Taifa
Mji wa Lowell, jimboni Massachusetts, Marekani, uliasisiwa miaka ya 1820 penye maporomoko ya Mto Merrimack. Maji yaliongozwa kwa mifereji ili kuendesha mitambo ya viwanda vya pamba vya matofali mekundu, na karibu yake yalijengwa mabweni ya wasichana wafanyakazi.

Viwanda vilipofungwa katika karne ya 20, ajira zilitoweka na baadhi ya majengo yalibomolewa. Mwaka 1978, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuanzisha hifadhi ya taifa ya kihistoria mjini humo.

Uhifadhi huo haukuyaacha majengo yakiwa matupu. Sehemu ya kiwanda cha Boott sasa ni makumbusho, majengo mengine ni makazi, na miongoni mwa wakazi imo jamii kubwa yenye asili ya Kambodia.