Kisiwa Kilichouzwa na Swali Lisiloulizwa

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini mkataba ambao huko Ulaya hukumbukwa kwa kisiwa cha Heligoland, kijiwe kilichopo katika Bahari ya Kaskazini. Mwambao wetu una sababu yake ya kuukumbuka. Ndani yake Uingereza iliahidi kumshawishi Sultani wa Unguja awaachie Wajerumani ukanda wa pwani pamoja na kisiwa cha Mafia, naye alipwe fidia. Sayyid Ali bin Said akalipwa marki milioni 4. Miaka 4 tu kabla ya hapo, katika mapatano ya 1886, madola yaleyale mawili yalikuwa yamekiri kwamba Mafia ni milki ya Sultani, sawa na Unguja, Pemba na Lamu. Si mtu wa Chole, si wa Ndagoni, si wa Jibondo aliyeulizwa. Hata Sultani mwenyewe hakuwa muuzaji huru: alikuwa kama mwenye duka aliyeshikwa mkono akatajiwa bei.

Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, wakaifanya kituo cha kuiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, hadi ikaangamia Julai mwaka huohuo. Vita vilipokwisha Uingereza ilikuwa na Unguja mkono mmoja na Tanganyika mkono wa pili. Ingeweza kukirudisha kisiwa kwa wenzake. Haikufanya hivyo, na tangu 1922 Mafia ikahesabiwa rasmi kuwa Tanganyika. Kwa hiyo jahazi likitoka Kilindoni kwenda Unguja lilivuka mpaka usioonekana baharini, baina ya watu wa lugha moja na dini moja.

Mwambao wa Kenya ulichelewa kidogo, lakini njia ilikuwa ileile. Ukanda wa Mombasa na Lamu ulibaki chini ya bendera ya Sultani hadi 1963. Sir James Robertson alitumwa mwaka 1961 kusikiliza maoni ya watu. Aliyasikiliza, ila kura haikupigwa. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wakakubaliana ukanda uwe sehemu ya Kenya, na kwa mapatano hayo mahakama za kadhi zikahifadhiwa. Mombasa angalau ilipata kadhi katika biashara ile. Mafia haikupata kitu.

Ndipo likaja la Aprili 1964. Mapinduzi ya Unguja yalikuwa hayajatimiza miezi 4 pale Mwalimu Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume walipotia saini Hati za Muungano tarehe 22, na siku 4 baadaye nchi mbili zikawa dola moja. Mambo ya Muungano yalikuwa 11. Leo orodha ya katiba inayo 22. Zanzibar ikabaki na serikali yake. Tanganyika ikatoweka, au tuseme, kama wasemavyo watu wa Visiwani, ikavaa koti la Muungano. Hapo ndipo penye kiini cha manung'uniko yote: mshirika mmoja anaonekana kwa jina lake, wa pili amejifunika jina la wote wawili, na haijulikani anaposema anamsemea nani.

Muungano huu una heri zake, na si haki kuzificha. Watu wameoana, wamehamiana, wamefanya biashara. Nyerere aliogopa, na akaandika hivyo mwaka 1994, kwamba serikali tatu zitauvunja Muungano, maana Tanganyika iliyo hai itaimeza serikali ya juu. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Lakini mwenye hofu huijibu hofu yake kwa hoja mbele ya wananchi. Kwetu imejibiwa katika vikao vya chama.

Januari 1984 Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar tangu 1972, alijiuzulu. Alikuwa ametayarisha hati ya kuhoji muundo wa Muungano mbele ya Mahakama Maalumu ya Katiba, mahakama ambayo katiba yenyewe imeiweka kwa migogoro ya namna hiyo. Hakufika mahakamani. Alihukumiwa Dodoma, katika Halmashauri Kuu ya CCM. Agosti 1993 Bunge lilikubali hoja ya wabunge 55 ya kuwa na Serikali ya Tanganyika. Mwaka uliofuata Bunge hilohilo likaifuta, baada ya chama kusema neno lake. Tume ya Jaji Nyalali ilikuwa imeshapendekeza serikali tatu. Tume ya Jaji Warioba nayo ikapendekeza vivyo hivyo, na katika rasimu yake ikayapunguza mambo ya Muungano hadi 7. Bunge Maalumu la 2014, ambamo wa chama tawala walikuwa wengi, likarudisha mbili. Wapinzani wakatoka ukumbini mwezi wa Aprili. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na haikufanyika.

Vyama vya upinzani navyo visijisafishe. Suala la Muungano limekuwa ngoma ya kupigwa wakati wa uchaguzi na kutundikwa baada ya kugawana viti. Wazanzibari walipopigishwa kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, theluthi mbili wakakubali. Lakini waliulizwa juu ya serikali ya umoja wa kitaifa baina ya vyama viwili, yaani nani akae na nani. Juu ya Muungano hawakuulizwa.

Waskochi wao waliulizwa. Waliungana na Uingereza mwaka 1707, nao pia kwa makubaliano ya wakubwa. Kuanzia 1979 hadi 1997 walitawaliwa na Wahafidhina wakati wao wenyewe walikuwa wakikipa viti vingi chama cha Leba. Ghadhabu hiyo ndiyo iliyowaletea bunge lao mwaka 1999. Tarehe 18 Septemba 2014 wakapiga kura: asilimia 55 wakataka kubaki, 45 kutoka. Dola halikuanguka kwa kuuliza. Kweli, walipotaka kuuliza tena, mahakama kuu kabisa ya London iliamua mwaka 2022 kwamba bunge lao halina uwezo huo peke yake. Lakini jibu la kwanza limo katika kumbukumbu, na idadi yake inajulikana.

Siku ya uchaguzi mkuu mpigakura wa Unguja hupewa karatasi 5: Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi na diwani. Wa Ndagoni, kisiwani Mafia, ambaye babu zake walikuwa raia wa Sultani yuleyule, hupewa 3.