Njia ya London Ilipopita Mbeya

Mwaka 1932, msafiri aliyekuwa Mbeya na kutaka kwenda London hakuwa na haja ya kuteremka hadi Dar es Salaam. Ndege ilimfuata hukohuko. Januari mwaka huo shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianza kusafirisha barua kwa ndege kutoka London hadi Cape Town, na ilipofika Aprili likaanza kubeba abiria njia nzima. Ndege ikitoka Nairobi iligusa Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha ikavuka kwenda Mpika, Rhodesia ya Kaskazini, na kuendelea kusini. Safari yote, mwisho hadi mwisho, ilichukua takribani siku 11. Mbeya yenyewe ilikuwa mji mchanga, ulioanzishwa mwaka 1927 dhahabu ya Lupa, kule Chunya, ilipowavuta watu kutoka kila upande.

Waliopanda ndege hizo walikuwa wachache, karibu wote Wazungu: maofisa wa serikali, wenye migodi, wafanyabiashara wakubwa. Nauli yao ilibeba kila kitu. Gari la kuwatoa uwanjani, kitanda cha kulala njiani, chakula, vyote vilipangwa na shirika kabla hawajaondoka. Ndiyo huduma ambayo mawakala wa safari wa leo huiuza kwa jina la kumpokea mgeni uwanjani. Lakini mwaka 1937 Imperial Airways ikageukia ndege za kutua majini, na njia kuu ikahamia pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi. Mbeya ikabaki na uwanja wake mdogo na ukungu wake.

Naianza habari ya viza na usafiri wa viwanja vya ndege huko nyuma kwa sababu imezoeleka kusemwa kwamba watu wa Mbeya na Iringa wako pembeni, na kwamba dunia inaanzia Dar es Salaam. Historia haisemi hivyo. Barabara kuu ya kaskazini hadi kusini mwa Afrika ilipita Iringa, ikapita Mbeya, ikatokea Tunduma. Mabasi ya shirika la reli yaliunganisha Dodoma, Iringa na Mbeya hata kabla reli haijafika huku. Njia ilikuwapo siku zote. Kilichobadilika kila kizazi ni mahali karatasi zinapotolewa, na ni nani anayemshika mkono msafiri.

Kwa mwananchi wa kawaida, aliyemshika mkono kwanza alikuwa mwajiri. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa wamezoea kwenda kusini kutafuta fedha, kwanza Lupa, kisha migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine hadi dhahabu ya Johannesburg. Chama cha wenye migodi wa Afrika Kusini kilikuwa na shirika lake la kukusanya wafanyakazi, Witwatersrand Native Labour Association, ambalo watu waliliita Wenela. Kuanzia mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilikataza kuajiri watu wa kaskazini ya latitudo 22 ya kusini, kwa sababu walikuwa wakifa kwa wingi, hasa kwa nimonia. Katazo hilo lililegezwa miaka ya 1930, na Wenela ikapanda kaskazini tena.

Utaratibu wake ulikuwa kamili. Daktari alikupima, ukatia dole gumba kwenye mkataba, ukapandishwa lori au ndege, ukalishwa njiani, ukapokelewa, na mkataba ukiisha ukarudishwa. Kituo kikuu cha ndege zake kilikuwa Francistown, katika Bechuanaland, Botswana ya leo. Kwa maana hiyo, watu wengi wa kusini mwa Afrika walipanda ndege kwa mara ya kwanza wakienda kuingia chini ya ardhi. Hakuna wakala aliyewahi kumrahisishia mtu maskini safari ya nje kama Wenela, na hakuna aliyemlipisha ghali kuliko yeye, maana bei ilikuwa mapafu na miaka ya ujana. Baada ya uhuru Serikali ya Tanganyika ilikatisha uajiri huo, na ilifanya haki.

Mwezi mmoja tu baada ya uhuru, Mbeya ikampokea msafiri wa aina nyingine kabisa.

Januari 1962 Nelson Mandela alitoka Afrika Kusini kwa siri, akavuka hadi Lobatse, Bechuanaland. Hakuwa na pasipoti. Serikali ya makaburu isingempa. Alikuwa akielekea Addis Ababa kwenye mkutano wa vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Yeye na mwenzake Joe Matthews walipanda ndege ndogo ya kukodi, wakalala Kasane, na siku ya pili wakaruka kaskazini wakivuka milima katika ukungu mzito hadi Mbeya. Walipofika hotelini alikuta barazani watu weusi na weupe wameketi pamoja wakizungumza. Mwenyewe alisimulia baadaye katika kumbukumbu za maisha yake kwamba hajawahi kuona jambo hilo kabla ya siku ile. Mwenyeji waliyekuwa wakimsubiri ni John Mwakangale, mbunge na kiongozi wa TANU. Mgeni mmoja Mwafrika alimwonya mhudumu wa mapokezi, Mzungu, aliyesahau kuwapa ujumbe wa mwenyeji wao, na Mandela akatambua kwamba amefika nchi inayotawaliwa na wenyewe.

Kesho yake walikwenda Dar es Salaam kuonana na Julius Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu. Kutoka hapo Mandela aliizunguka Afrika akiwa na karatasi ya Tanganyika iliyomtambulisha kwa jina na kusema tu kwamba ana ruhusa ya kutoka Tanganyika na kurudi. Alifika Ethiopia, Misri, Moroko, Mali, Guinea, Senegal na kwingineko, hadi London. Julai aliporudi kusini alipitia Mbeya tena.

Mwezi uliofuata alikamatwa, na Novemba 1962 mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka mitano: mitatu kwa kuchochea mgomo, miwili kwa kutoka nchini bila hati halali ya kusafiria. Miaka miwili jela kwa kukosa pasipoti! Mbeya haina budi kuitunza habari hii kwa fahari kubwa kuliko inavyofanya sasa. Mtoto wa sekondari wa Mwanjelwa anastahili kujua kwamba mji wake ndio uliokuwa mlango wa Mandela kuingia Afrika huru.

Kilichofuata ni reli. TAZARA ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kwa watu wengi wa Mbeya safari ya kwanza ya nje ilikuwa hiyo: tiketi ya treni, mhuri wa uhamiaji pale mpakani, Zambia. Hapakuwa na viza ya kuomba. Hata leo mtu wa Mbeya huenda Lusaka au Lilongwe kwa pasipoti yake tu, na Mtanzania huingia Afrika Kusini kwa matembezi bila kuomba viza kwanza. Tangu mwaka 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha mpaka, ambapo taratibu za nchi mbili hukamilishwa sehemu moja.

Kwenda mbali zaidi kulikuwa jambo jingine. Miaka ya 1970 na 1980 fedha za kigeni ziliadimika, na kuzipata kulihitaji kibali cha Benki Kuu. Mtu angeweza kuwa na pasipoti, barua ya mwaliko na tiketi, akakwama kwa sababu hana dola za kumfikisha anakokwenda. Sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1992 ndiyo iliyofungua maduka ya kubadilishia fedha, na hapo ndipo safari ya kawaida, ya mtu anayejilipia mwenyewe, ikaanza kuwezekana.

Iringa ilipata mlango wake kupitia kanisani. Mwaka 1987 Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri iliingia katika uhusiano na Walutheri wa eneo la Saint Paul, Minnesota, uhusiano unaojulikana huku na huko kwa jina la Bega kwa Bega. Wageni wakaanza kuja, na wenyeji wakaanza kualikwa kwenda. Wainjilisti, walimu, wanakwaya na kina mama wa vijijini wakajikuta wanajaza fomu za viza ya Marekani. Mtu ambaye hajawahi kulala Dar es Salaam alipaswa kumweleza afisa wa ubalozi kwa nini anakwenda Minnesota na kwa nini atarudi. Wengi walifaulu kwa sababu moja ya wazi: aliyewaalika alijulikana, aliyewapokea uwanjani alijulikana, na waliotangulia walirudi nyumbani. Hiyo ndiyo hoja inayomshawishi afisa wa viza popote duniani, na haiuzwi dukani.

Upande wa pasipoti, serikali imesogea karibu na mwananchi. Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 2018 kwa ada ya shilingi 150,000. Fomu hujazwa mtandaoni, na ofisi za Uhamiaji za mikoa hushughulikia maombi. Mkazi wa Iringa au Mbeya mwenye kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa hana sababu ya kupita kwa kishoka.

Viza ndiyo iliyobaki mbali. Tangu mwaka 2013 mwombaji wa viza ya nchi za Schengen katika Afrika Mashariki hutakiwa kutoa alama za vidole, ambazo huweza kutumika tena ndani ya miezi 59. Mwombaji wa viza ya matembezi ya Marekani huitwa kwa mahojiano. Kote huko lazima mtu afike mwenyewe, na kufika maana yake ni Dar es Salaam. Ada ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, ya Marekani dola 185 tangu mwaka 2023, na ukinyimwa hazirudishwi. Kwa mtu wa Masaki, jijini humo, gharama huishia hapo, pengine na nauli ya bajaji. Mtu wa Mbeya huongeza kilomita zaidi ya 800 kwenda na nyingine 800 kurudi, malazi, chakula, na siku za biashara iliyofungwa. Akitakiwa kurudi na nyaraka nyingine, mzunguko unaanza upya.

Hapo ndipo kishoka anapopata riziki. Anamwambia mtu viza ni ya uhakika, anachukua fedha nusu, anamtengenezea taarifa ya benki ya uongo. Uongo ukigundulika, jina linaloingia kwenye kumbukumbu ni la mwombaji, na nchi za Schengen hupeana taarifa hizo. Wakala mzuri, na Mbeya na Iringa wapo, humwambia mteja mambo matatu yasiyopendeza: hakuna mtu anayeweza kuahidi viza, usilipe tiketi isiyorudishika kabla ya majibu, na anza mapema. Maombi ya Schengen hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, yanapaswa kuwasilishwa si chini ya siku 15 kabla, na yanataka bima ya matibabu ya angalau euro 30,000.

Kuna pia suala la kufika uwanjani. Tangu Februari 2021 mabasi ya mikoani huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na kutoka hapo hadi Jengo la Tatu la uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2019, ni safari nyingine katikati ya foleni. Lakini hofu kubwa ya msafiri wa Nyanda za Juu Kusini iko mbali na Dar es Salaam. Iko Kitonga. Lori moja likilala kwenye kona za mlima ule, basi la Mbeya na basi la Iringa yote yanasimama, na ndege ya Doha au Istanbul haimsubiri mtu. Ndiyo maana wanaojua huondoka siku moja kabla na kulala kwa ndugu Kimara au Mbezi. Ndugu huyo, anayeamka usiku kumsindikiza mgeni, ndiye anayefanya kazi ambayo Imperial Airways iliifanya kwa nauli.

Uwanja wa ndege wa Songwe, unaohudumia Mbeya, ulipoanza kazi Desemba 2012 ulipunguza mzigo huo, na ndege ya asubuhi kwenda Dar es Salaam imeokoa safari za wengi. Kwa miaka mingi hata hivyo ulikosa taa za kuongozea ndege usiku, na ingawa jina lake ni uwanja wa kimataifa, abiria wake wengi bado hupanda ndege kwenda Dar es Salaam tu. Nduli, Iringa, nao umefanyiwa ukarabati mkubwa. Viwanja tunavyo.

Kinachokosekana ni kaunta, na hili nalipeleka kwa Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki na kwa balozi zilizoko Dar es Salaam. Mashine ya kuchukulia alama za vidole hubebeka kwenye begi. Maafisa wa balozi hizo waje Mbeya mara mbili kwa mwaka, kwa tarehe zinazotangazwa mapema, wahudumie waombaji wa Mbeya, Songwe, Rukwa, Njombe, Ruvuma na Iringa. Mwombaji anyimwe viza kama hastahili, lakini asinyimwe kwa kushindwa nauli ya basi.